Mduara wa Kumi na Moja

Ifikapo tarehe 31 Machi, Mwalimu Vilasini wa Idara ya Hisabati atakuwa amekitumikia Chuo cha Puthenkara kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati imenipa kazi ya kumwandikia mimi, Eliyamma wa Idara ya Mimea, eti kwa sababu ndimi niliyekunywa naye chai nyingi kuliko wengine wote. Sababu ya kweli ni kwamba wanahisabati wenzake wanaogopa atawasahihisha. Mimi siogopi, kwa kuwa kwenye hisabati sina jina la kuharibu.

Alitujia kutoka Palakkad akiwa mwalimu wa muda, mwembamba, mwenye mwavuli mkubwa kuliko yeye. Akaajiriwa, akaongoza idara, akasimamia kambi za kusahihisha mitihani ambako walimu wa wilaya nzima walimlalamikia kwa ukali wake na kisha wakagombea kukaa meza yake. Muda wote huo somo alilolipenda lilikuwa moja: mifuatano ya namba isiyo na mwisho, na jinsi ya kujua upi unatulia na upi hautulii.

Wazee wa nchi hii walikuwa wakijumlisha vipande visivyo na mwisho karne nyingi kabla yetu, na Vilasini hulizungumzia jambo hilo kama mtu anayesimulia habari za babu zake. Nilimuuliza mara nyingi, nikaambulia haya. Mfuatano unatulia kama kuna namba moja unayoikaribia, na ukaribu wowote utakaoutaja, hata mdogo kiasi gani, utafika mahali ambapo kuanzia hapo mfuatano hautoki tena ndani ya ukaribu huo. Ndiyo maana mwanafunzi akisema mfuatano umetulia, yeye huuliza, "Kuanzia wapi?" Nusu, robo, thumni na kuendelea, huo unatulia kwenye sifuri. Moja, mbili, tatu, huo umetoroka. Aina ya tatu aliipa jina la mkuu wetu wa Kemia, Bwana Varghese, ambaye asubuhi hukubali na mchana hukataa: haukui, hautoroki, lakini pia hautulii. Bwana Varghese alilijua jina hilo. Siku moja alilifurahia, ya pili alinuna.

Sasa nieleze habari ya mwaka wake wa tisa hapa, ambayo bila hiyo wasifu huu ungekuwa orodha tu ya vyeo.

Kila Onam, sikukuu yetu ya mavuno ya siku kumi, idara zetu hushindana kupanga zulia la maua sakafuni. Waamuzi huchora duara la chaki ukumbini, na petali moja ikivuka chaki, idara imetoka. Mwaka ule mwamuzi nilikuwa mimi. Hisabati waliongozwa na Rejitha, binti wa mwashi, mwanafunzi wao bora. Mpango wake ulikuwa mzuri kuutazama: katikati maua ya futi moja kutoka kitovu hadi ukingo, yakizungukwa na mduara wa nusu futi, kisha wa theluthi, wa robo, na kuendelea. Chaki ilikuwa futi tatu kutoka katikati. Rejitha aliwaza kwamba kwa kuwa kila mduara ni mwembamba kuliko uliotangulia, na unene unaelekea sifuri, basi upana wote utatulia kabla ya chaki. Aliwatangazia vijana wa Kemia, "Leteni maua yote ya Tamil Nadu. Tutaongeza mpaka yaishe, na chaki hiyo hatuigusi."

Walipofika mduara wa kumi, ukihesabu na ule wa katikati, mmoja kwa kila siku ya Onam, walikuwa ndani ya chaki, tena ushindi ulikuwa wao. Nilishaandika alama. Hapo Kemia wakaanza: "Mbona mmesimama, dada? Si mlisema mnaendelea?" Rejitha akachota petali za rangi ya machungwa, akapanga mduara wa kumi na moja kwa vidole, polepole. Ukavuka chaki kwa urefu wa punje ya mchele. Nikainua mkono, nikawatoa.

Vijana wa Kemia waliimba mpaka koo zikakauka. Rejitha, akiwa bado amepiga magoti ndani ya sari yake nyeupe ya pindo la dhahabu, alimgeukia mwalimu wake. "Mwalimu, ulijua?"

"Nilijua," Vilasini akasema. "Nilitaka muone kwa macho yenu. Vipande vinaweza kupungua mpaka karibu na sifuri na jumla yake isitulie kamwe."

Aliamini ametoa somo bora la maisha yake. Rejitha alizimwaga petali zilizobaki mkononi, akaondoka. Sikukuu zilipokwisha hakurudi darasani. Ijumaa baba yake alikuja ofisini kuomba cheti cha kuacha chuo; binti alikuwa amepata nafasi kwenye duka la sari mjini Thrissur, kuanzia Jumatatu.

Nilimwambia Vilasini siku hiyohiyo kwenye chai, "Dada, umeokoa somo, umempoteza mtoto." Alinikasirikia. Alisema hakudanganya mtu. Aliacha bajia zake za dengu mezani, jambo ambalo sijaliona tena. Jioni alikuja kusimama mlangoni kwangu, katikati ya mimea mikavu ya idara, akauliza kwa sauti ndogo kama ninaifahamu nyumba ya yule msichana.

Tulikwenda pamoja. Mama yake alituketisha barazani, akatuletea maji. Rejitha alitoka akabaki ameegemea mlango.

"Nilikukosea," Vilasini akamwambia. "Nilikuona unaelekea kuanguka, nikanyamaza ili wengine wajifunze kwako."

"Ungeniita pembeni, Mwalimu. Ningeelewa."

"Ungeelewa, ndiyo."

Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuaga. Kisha Rejitha, bado amenuna, akauliza, "Lakini maua yasingeisha, ungefika wapi ule mduara?"

"Popote utakapotaja."

"Hata mlango wa ofisi pale ukumbini?"

"Ungepita. Mlango uko kama futi kumi na mbili kutoka katikati. Inatakiwa miduara zaidi ya elfu tisini."

Nikaingilia kama mtaalamu wa maua: mduara wa mwisho ungekuwa mwembamba kuliko chembe ya chavua, na hakuna mtu awezaye kupanga petali ya namna hiyo. Wote wawili walinitazama kwa huruma.

"Kwa hiyo wewe kila mfuatano unaujua," Rejitha akasema, na uchungu ulikuwa bado umo.

Vilasini alichovya kidole kwenye maji, akaandika mfuatano mmoja kwenye saruji ya ngazi. "Huu siujui. Si mimi tu. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuthibitisha kama unatulia au hautulii."

Rejitha aliinama kuutazama. Jua lilikuwa kali na maandishi yalianza kukauka upande wa kushoto. Akakimbilia ndani kutafuta kalamu.

Jumatatu alikaa benchi la mbele.

Tangu hapo Mwalimu Vilasini hakumwacha tena mwanafunzi ajikwae mbele za watu. Humwita pembeni, humwonyesha shimo liko wapi, kisha humwacha achague njia. Waliopita mikononi mwake na wanaosoma karatasi hii wanajua ninasema kweli. Na mimi niliyemwona siku ile barazani, akiwa mtu mzima mwenye cheo, akiomba radhi kwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimempenda na kumheshimu kuanzia hapo.

Rejitha sasa anafundisha hisabati Kozhikode. Kila Onam hupiga simu, na mazungumzo yao nimeyasikia mara nyingi, maana ni mafupi. "Bado, Mwalimu?" "Bado, mwanangu. Na wewe?" "Bado."

Dada Vilasini, Chuo cha Puthenkara kinakushukuru kwa kila darasa, kila kambi na kila swali. Nenda kapumzike kwa raha na afya, uwe na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Na siku utakapolipata lile jibu, usianze na sisi. Mpigie Rejitha.