Maji Kwanza, Marahaba Baadaye: Mzee Ubwa Akabidhi Kata

Baada ya miaka thelathini ya kuzikogesha pikipiki za watu wengine, Mzee Ubwa Khatib, fundi wa karakana ya Ushirika wetu wa Ugani wa Mwani, alistaafu rasmi siku ya Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Alianza kazi tarehe 1 Julai 1995 akiwa na nywele nyeusi na spana mbili. Anaondoka na nywele nyeupe na spana zile zile mbili, maana hakuna aliyewahi kuthubutu kuziazima.

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike mimi, Nasima wa stoo, kwa hoja kwamba nimekaa na Mzee Ubwa mlango kwa mlango kwa miaka kumi na tisa. Ni kweli. Na katika miaka yote hiyo sidhani kama tulipitisha wiki bila ya kugombana kwa ajili ya matambara. Kila kanga kuukuu iliyoingia stoo kwa kazi ya kupangusia rafu iliishia karakana, ikifuta cheni. Kwa hiyo msomaji akiona mahali nimembana mzee wa watu, ajue nina haki yangu.

Kwa wale walioajiriwa juzi, kazi yenyewe ni hii. Maofisa wetu kila siku wanakwenda Paje, Jambiani, Uroa na Bweleo kuwatembelea akina mama wakulima wa mwani. Pikipiki inaegeshwa kwenye mchanga wa maji, inafungwa kiroba cha mwani kinachochuruzika, kisha inarudi kulala hapa Malindi ya Unguja, kwenye uwa unaotazamana na bahari. Chumvi asubuhi, chumvi mchana, na usiku upepo unaongeza nyengine. Pikipiki ya mtu wa kawaida katika hali hiyo, mwaka wa pili spoku zimeshapaka hina, mwaka wa nne ekzosi imeachia njiani. Namba Nne yetu ilinunuliwa mwaka 2003. Mwezi uliopita mgeni kutoka bara aliuliza kama ni mpya.

Watu wengi wamekuja kumuuliza Mzee Ubwa siri yake, na wote wameondoka wakidhani amewaficha. Hakuwaficha. Siri ni maji matamu, tambara kavu, oili kidogo kwenye cheni, grisi kwenye vichwa vya boliti, na kero. Hiyo ya mwisho hapo Darajani haiuzwi. Injini ikiwa ya moto, usiimwagie maji, atakufukuza. Pikipiki ikiwa rutuba, haijakauka, usiifunike turubai, maana atakuuliza kama unaihifadhi au unaipika. Ikikaa masika nzima bila ya safari, tangi lijazwe mafuta hadi juu, kwa sababu tangi tupu linatoa jasho ndani na kutu inaanzia huko. Ukiona doa la kutu dogo kama mbegu ya ufuta, lipige msasa na ulipake rangi siku hiyo hiyo. Chovya chovya humaliza buyu la asali, alikuwa akisema, na kutu haina haraka kama wewe.

Lakini kilichomfanya ajulikane Unguja nzima ni kata na marahaba. Pikipiki yoyote inayoingia uwani lazima imwagiwe kata tatu za maji matamu, kwa ile kata yake ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu: moja ya magurudumu, moja ya tumbo, moja ya cheni na breki. Kabla ya hapo, mpanda pikipiki hana mtu wa kumuamkia. Salamu ya Kiislamu Mzee Ubwa aliiitikia papo hapo, maana ile ni wajibu na yeye ni mtu wa dini. Shikamoo je? Utaitoa mpaka sauti ikauke. Alikuwa akiangalia magurudumu yako, anasema, “Maji kwanza,” basi. Ukishamwaga, ukishafuta, ndipo marahaba inakuja, tena tamu, na habari za nyumbani juu yake. Hata Mkurugenzi wetu, mwaka aliofika, alirudi kutoka Bweleo na wageni wawili wenye suti, akamwamkia mzee kwa adabu zote, akaambiwa maji kwanza. Alivua viatu akamwaga. Wageni wale walidhani ni mila ya kuingia ofisini, na wao wakavua viatu.

Nisiwe mnafiki nikauruka mwaka 2009. Mwaka huo Mzee Ubwa alikwenda mazikoni Nungwi, na wakati wa kurudi akawaona mafundi wa vyombo vya baharini wakipaka mbao mafuta ya papa. Akawaza: ikiwa ubao unaolala baharini hauozi kwa mafuta haya, chuma kinachopita ufukweni mara moja kitadhurika na nini? Hoja nzuri, wallahi. Akarudi na dumu zima, na Alkhamisi jioni sisi tumeshaondoka, akazipaka pikipiki zote kumi na moja kuanzia rimu mpaka mikono.

Ijumaa asubuhi tulipokewa na paka. Paka wote wa soko la samaki la Malindi walikuwa wamehamia uwani, wengine wamelala juu ya siti kama maofisa. Waliopanda pikipiki zile walisindikizwa mpaka Darajani. Ofisa wetu mmoja alikuwa na posa Mkunazini alasiri ile, akaenda na Namba Tisa. Alipokewa kwa heshima, akakalishwa karibu na dirisha, na chetezo cha udi kikapitishwa mbele yake mara tatu. Posa ilikubaliwa, lakini mpaka leo wakwe wanaamini anauza samaki wa ng'onda. Mimi nilipewa lifti mara moja tu, na buibui langu lilikaa nje kwenye kamba mpaka Idi. Bwana Fayaz Pirbhai, ambaye duka lake la vifaa pale Darajani limetuuzia grisi tangu enzi za marehemu baba yake, alikuwa akiisikia harufu yetu anatoka mwenyewe na mzigo barabarani ili tusiingie. Mwishowe akamletea Mzee Ubwa kopo la grisi kama zawadi, na ujumbe kwamba papa ni wa kula. Siku tisa tulisugua kwa sabuni. Mzee Ubwa hakukubali kushindwa. Alisisitiza kuwa mwezi ule hapakuonekana doa hata moja la kutu, na kusema kweli halikuonekana.

Tunacheka, lakini kwake yeye haikuwa mchezo hata siku moja. Mwaka 1997, Mzee Ubwa akiwa bado mgeni kazini, ofisa mmoja aitwaye Mwalim Haji alikuwa anarudi kutoka Chwaka. Ng'ombe akavuka njia, Mwalim akabana breki, waya wa breki ukakatika. Kwa nje waya ule ulikuwa unang'aa. Chini ya mpira wake ulikuwa umeliwa na kutu mpaka ukabaki uzi. Mwalim alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo anatembea na bakora. Pikipiki ile Mzee Ubwa aliikagua jana yake, akasema haina kitu.

Mwalim hakumlaumu hata kwa neno moja. Mzee Ubwa ndiye aliyejilaumu. Hadithi hii alinisimulia mara moja tu, akiwa anatafuta tambara kwenye rafu, na hakunigeukia mpaka alipomaliza. Alisema mtu anayemwamkia ni mwanawe, na mzazi hampandishi mwanawe juu ya chuma asichojua ndani yake kuna nini. Siku ile nilimpa matambara yote aliyoyataka, na hiyo ndiyo mara pekee.

Sasa tuje kwenye kustaafu kwenyewe, maana mzee huyu alistaafu mara mbili. Tarehe yake ya kwanza ilikuwa Disemba iliyopita. Barua imeandikwa, mchele wa pilau umenunuliwa. Wiki moja kabla, akatuma habari kuwa ana homa, akakaa kwake Mkokotoni siku tatu. Homa gani! Mkewe, Bi Zuleikha, alikuja kuniambia baadaye kwamba mgonjwa alikuwa akila samaki wawili kila mlo na kutembea ukumbini huku na huku. Alikuwa anatupima. Alitaka kujua, yeye akiwa hayupo, nani atamwaga maji.

Hakumwaga mtu. Siku ya nne alifika alfajiri, akakuta chumvi imekauka nyeupe kwenye magurudumu, na Namba Sita imefunikwa turubai ikiwa majimaji. Namba Sita ni ya Bi Muzdalifa, ofisa wetu mdogo kuliko wote, anayeendesha kama mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Mzee Ubwa alifunua turubai, akavuta mpira wa breki ya mbele, akaona waya umeshageuka rangi. Angepiga kelele tungefurahi. Alichukua brashi na dizeli, akakaa kwenye kibao chake akasugua kimya kimya mpaka adhana ya Adhuhuri. Kisha akapanda juu ofisini akaiondoa barua yake ya kustaafu. Wiki nzima hapakuwa na marahaba kwa mtu yeyote, hata kwa aliyekuja kwa miguu.

Muzdalifa alikuja kulia stoo kwangu. Alisema mzee amemchukia kwa sababu ya kutu. Nikaona hapana, huyu lazima aambiwe, nikamweleza habari ya Mwalim na waya. Sikuwa nimepewa ruhusa, na leo naomba radhi mbele ya kadamnasi. Alipangusa machozi, akauliza mpira wa breki unavutwaje. Nikamwambia mimi ni mtu wa stoo, aende kwa anayejua. Akaenda, na kuanzia hapo kila baada ya kazi alikuwa karakana, grisi mpaka kwenye mtandio.

Miezi ikapita, pikipiki zikakogeshwa, lakini moyo wa mzee haukutulia. Alisema mbele yake hata paka anafuta miguu, yeye anauliza atakapokuwa hayupo. Safari hii ofisi haikusogeza tarehe tena. Aliondoka Mkokotoni asubuhi ya tarehe 30 Juni akiwa hajui jibu, na Bi Zuleikha anasema usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri.

Sherehe ilikuwa saa nne. Mzee Ubwa alikuja na pikipiki yake mwenyewe, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, amechelewa. Alikuwa amepita pwani kutuchukulia samaki aina ya changu, maji yamejaa, akapita na pikipiki humo humo kwenye ukingo wa bahari. Hakutazama watu wala viti. Aliegesha, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya pikipiki, akaanza kukagua moja baada ya moja, kidole kwenye rimu, kidole kwenye cheni, mpira wa breki ukavutwa. Zote kumi na moja zilikuwa zimeshamwagiwa, zimeshafutwa, cheni zina oili. Hapakuwa na mtu aliyeambiwa. Kwenye Namba Sita alisimama muda mrefu, ametupa mgongo.

Alipogeuka, uso umemkunjuka, akangoja tumwamkie. Hakuna aliyemwamkia. Mbele ya pikipiki yake alikuwa amesimama Muzdalifa, ameshika kata ya kifuu imejaa maji.

“Mzee Ubwa, samahani,” alisema. “Maji kwanza.”

Mwalim Haji, aliyealikwa na kuwekwa kiti cha mbele, alicheka mpaka bakora ikamwanguka. Mzee Ubwa akaitazama pikipiki yake. Chumvi imetanda kwenye rimu zote mbili, na gamba la changu limeganda kwenye madgadi. Mganga hajigangi. Alivua viatu vyake vipya, akakunja kanzu, akamwaga kata tatu, akafuta kwa tambara ambalo nililitoa mimi mwenyewe bila ya kuombwa. Akasogea pembeni. Muzdalifa akachutama, akavuta mpira wa breki ya mbele, akauchungulia waya kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaurudisha. Akasimama.

“Itakufikisha nyumbani,” akasema. “Shikamoo, Mzee.”

Aliitikia marahaba. Ikabidi tupange mstari, kila mmoja akatoa shikamoo yake na kila mmoja akaitikiwa, na wa mwisho alikuwa Mkurugenzi. Pilau ilipoa, na hakuna aliyelalamika. Wakati wa kuondoka, Muzdalifa alimpelekea kata yake. Mzee Ubwa aliitazama, akafunga mzigo wake, akawasha pikipiki, akaiacha kata mkononi mwa Muzdalifa.

Mzee wetu, ahsante kwa miaka thelathini, na kwa kila mmoja wetu aliyefika kwao salama bila ya kujua kuwa ni wewe uliyemfikisha. Mungu akupe afya, wewe na Bi Zuleikha, na umri mrefu wa raha pale Mkokotoni. Matambara ya stoo nimekusamehe, yote. Ila ukipita Malindi kututazama, na karibu sana, kata imening'inizwa pale pale, bomba unalijua, na shikamoo zetu zinakungoja baada ya maji.