Thami Bousselham, Mshairi Aliyefuta Kila Alichoandika

Marehemu Thami Bousselham alizaliwa Asfi, mji wa pwani ya Morocco, mtaa wa wafinyanzi, tarehe 9 Machi 1944. Hati ndivyo inavyosema. Mama yake, Bi Rqiya, alishikilia hadi kufa kwake kwamba karani alikisia tu.

Utotoni, katika chuo cha Kurani, aliandika aya kwenye ubao, akazihifadhi, kisha akauosha kwa udongo ili apewe nyingine. Mwaka 1966 aliajiriwa kuwa mwalimu wa lugha huko Youssoufia.

Alitunga kwa Kiarabu cha sokoni, wakati wakubwa wa fasihi walipokiona kinafaa kunadia dagaa tu. Leo vijana wengi wa Asfi wanatunga kwa hicho hicho, na wachache wanakumbuka nani alitukanwa kwanza.

Tarehe 2 Agosti 1970 alimwoa Bi Batul Chiadmi.

Novemba 1973 watu wasiojitaja majina walibisha hodi, wakachukua madaftari yake saba ya mashairi. Hayakurudi. Tangu hapo hakuamini karatasi. Aliandika ubaoni, akamsomea mkewe mpaka mkewe akahifadhi, kisha akauosha ubao. Bi Batul, akiviringisha punje za kuskusi kwa chakula, aliwaambia majirani kwamba mume wake hakuoa mke, alioa kabati.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2023. Kila Jumatano alitembelewa na mwanafunzi wake wa zamani, Bwana Munim Zerouali, ambaye alipenda waachwe wawili chumbani. Sisi wa nyumbani hatukuuliza. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 14 Oktoba. Wiki mbili baadaye gazeti lilichapa mashairi matatu kwa jina la Bwana Munim. Tulipomuuliza, alijibu kwamba mwanafunzi kufanana na mwalimu wake si kosa.

Juzi alikuja kutoa pole. Bi Batul alimmiminia chai, akamwomba asome shairi la tatu. Alilisoma vizuri.

“Na beti mbili za mwisho, mwanangu?”

“Limeishia hapo, Mama.”

“Halijaisha. Jumatano ulipokuja ubao ulikuwa umejaa nusu. Nusu ya pili aliiandika Alhamisi.”

Bwana Munim aliondoka, akaiacha chai yake ikiwa bado ya moto.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, Ghita na Soumia, wajukuu watano, na mashairi arobaini na mawili yaliyo kichwani mwa Bi Batul. Leo, siku ya arobaini, baada ya dua, ataanza kuyasoma na Ghita atayaandika. Kwenye chakula mnakaribishwa nyote. Watakaoingia kusikiliza, familia itawachagua yenyewe.

Mola amjaalie mapumziko mema, mahali asipobishiwa hodi.