Marselina na Matumbo ya Fisi Maji

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, epua sufuria kwanza. Leo tunamkumbuka Marselina Alois. Alifariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwa binti yake, Nsemulwa, hapa Mpanda, akiwa na miaka tisini na tatu. Wengi mlimjua kama bibi aliyeuza maharage. Mimi nataka mumjue kama mwanamke aliyewashinda wataalamu wa serikali kwa kisu cha samaki. Wataalamu. Natamka neno hilo kwa adabu, kwa sababu bosi wangu ananitazama kupitia kioo cha studio.

Turudi mwaka 1954. Marselina alikuwa na miaka ishirini na mbili, anaishi mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, karibu na Ikola, Ziwa Tanganyika. Mumewe, Damiano, alivua dagaa. Yeye aliwaanika mchangani, akawageuza, akafukuza kunguru. Chakula cha nyumba nzima kilitoka kwenye ghuba ile moja.

Ndipo wakaja wataalamu wa serikali, ya mkoloni wakati ule, na boti ya injini, mahema na makasha ya chupa. Walitaka kujua kama ziwa lina samaki. Mkubwa wao, mzungu mrefu, watu walimwita Bwana Chupa. Nahodha wao aliogopa kusafiri gizani, kwa hiyo boti ilikuja wakati wa mbalamwezi tu. Safari ya kwanza, mbalamwezi. Ya pili, mbalamwezi. Ya tatu, mbalamwezi.

Sasa, mtoto yeyote wa mwaloni anajua kwamba dagaa huvuliwa siku za giza. Taa inawavuta juu. Mwezi ukiwaka wanatawanyika, na wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Bwana Chupa alikuta mitumbwi imepinduliwa mchangani. Akaandika: hakuna samaki.

Marselina alimfuata pamoja na mkalimani, Oswaldi. Akamwambia, "Bwana, nyie mje mwezi ukiisha. Saa hizi hata sisi hatuvui." Oswaldi alitafsiri vizuri kabisa. Bwana Chupa akaandika daftarini kwamba wenyeji wa pale huabudu mwezi.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofundishwa. Ila mtu anayepewa jibu bure, mkononi, akaligeuza kuwa dini ya wenyeji, huyo sijui tumwite nani.

Basi, samaki hawapo. Nani kawala? Asubuhi moja Bwana Chupa aliwaona fisi maji wakicheza kwenye mawe. Fisi maji ni mnyama wa manyoya, anazama na kuibuka, ananyonyesha watoto wake kama mbuzi. Kesi ikaishia hapo. Amri ikatoka: fisi maji wapigwe risasi, na ghuba ifungwe miaka miwili ili dagaa wazaliane. Askari wakakusanya nyavu zote, zikiwa bado zimelowa maji, wakazifungia ghalani. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa. Walifunga ghuba yenye samaki kwa sababu walikuja siku ambazo hakuna anayevua.

Fisi maji waliopigwa risasi walitakiwa kupasuliwa matumbo. Wataalamu wetu hawakupenda harufu. Wakamtafuta Marselina. Binti yake, Bi Kalista, ananiambia: "Mama alisema, kama wanatunyima kula kwa ajili ya tumbo la mnyama, acha nilione hilo tumbo."

Fisi maji wa kwanza: kaa. Magamba ya kaa yaliyosagika. Wa pili: kaa. Walifika kumi na mmoja. Kaa, konokono kidogo, kaa tena. Dagaa hata mmoja hakumwona. Akayapanga magamba juu ya jamvi, akamwita Bwana Chupa aje aone. Yule bwana alitazama jamvi kama mtu anayetazama matapishi, akamwambia Oswaldi, "Mwambie apasue. Kufikiri ni kazi yangu."

Oswaldi akamnong'oneza Marselina jambo jingine. Kwenye daftari, fisi maji wote kumi na mmoja walishaandikiwa kwamba wamekula dagaa. Waliandikiwa siku walipouawa, kabla kisu hakijawagusa.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuosha matumbo yale na kuyatia kwenye chupa za spiriti, yapelekwe makao makuu. Aliagizwa aoshe. Hakuosha. Alirudisha kila gamba tumboni, akashona kwa uzi wa nyavu, akafunga chupa. Serikali ile haikuwa ya kujaribiwa, na Damiano alimsihi, "Mama Kalista, osha tu, watakufunga." Akamjibu, "Nikiosha nimekubali."

Miezi minane watu walikula ugali kwa majani ya maboga, huku wanatazama maji. Kisha huko makao makuu mtu mmoja akafungua chupa, akakata uzi. Barua ikaja: ghuba ifunguliwe, fisi maji waachwe. Marselina alishafukuzwa zamani, kwa uzembe wa kutoosha, uliogundulika chupa zikiwa zimeshaondoka.

Nyavu zilirudi zimeoza. Damiano alizishika, zikakatika mkononi. Akafunga mzigo, akaja Mpanda kuchimba mgodini. Hivyo ndivyo familia ile ilivyofika Nsemulwa. Hakuvua tena mpaka anakufa, na hilo linaniuma.

Na Bwana Chupa? Alipanda cheo. Mjukuu wa marehemu, Mwalimu Ubaldo, aliipata ripoti yake, iliyochapwa mwaka 1957. Inasema Bwana Chupa, kwa uchunguzi wake makini, aligundua kwamba fisi maji wa ghuba ile hula kaa. Makini! Ukurasa wa mwisho ni wa shukrani. Anashukuriwa nahodha. Anashukuriwa aliyewaazima mahema. Anashukuriwa mbwa wa Bwana Chupa, kwa jina lake, kwa kumliwaza kambini. Marselina hayumo.

Ubaldo alimsomea bibi yake yote. Bibi akauliza, "Kaa wameandikwa?"

"Wameandikwa, bibi."

"Basi nipe chai."

Yeye aliridhika. Mimi sijaridhika, na sioni sababu ya kuficha.

Tunawapa pole Bi Kalista, Mwalimu Ubaldo na ukoo wote, wa Nsemulwa na wa Ikola. Mungu ampumzishe mama yetu. Na wewe unayesikiliza, ambaye kesho utakaa mezani kuandika habari za watu, tafakari usiku huu: umemuuliza nani, na jibu lake umelipeleka wapi?

Jina la yule mbwa ninalo hapa kwenye karatasi. Sitalitaja hewani. Aliyepasua, akaona, akashona, ni Marselina Alois.