Esnah Nyanchama, Aliyekataa Kulazwa
Esnah Nyanchama, ambaye sisi jamaa zake sote tulimwita Mama, alizaliwa Nyacheki tarehe 4 Mei 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Machogu na mkewe Ruth, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1971, kisha karo ikakosekana, akabaki kuchuna majani chai na kuwa na wasiwasi, kazi mbili alizozifanya kwa bidii hadi mwisho.

Tarehe 12 Desemba 1976 aliolewa Kebirigo na Sylvanus Ondieki, aliyemtangulia mwaka 2009, nao wakangoja miaka mingi kabla ya kumpata mtoto wao wa pekee, Kwamboka, tarehe 3 Juni 1991, ambaye ni mama ya Gibson na Emily.

Mama hakutaka tufiche. Kwamboka alitekwa na chang'aa, watoto wakashinda njaa, na Juni mwaka jana shangazi yake Bosibori akapiga ripoti kwa afisa wa watoto, jambo lililomfanya Mama asimsalimie kwa wiki tatu. Tarehe 21 Agosti 2025 mahakama ya watoto iliagiza Kwamboka ahudhurie ushauri wa kuacha pombe, nao watoto wabaki nyumbani chini ya uangalizi wa Mama, hadi kesi isikizwe tena tarehe 19 Machi 2026.

Neno hilo uangalizi lilimnyima usingizi. Alihamishia godoro lake chumba cha watoto, na kila asubuhi alimsalimia Kwamboka kwa kumkaribia kupita desturi, apate kunusa.

Januari kifua kilipoanza kumbana, daktari alitaka kumlaza, akakataa katakata, akisema, "Nikilala hospitali hata siku moja, watachukua watoto wangu." Afisa wa watoto ametueleza juzi kwamba simu moja ingetosha, Bosibori angeshika nafasi hiyo kwa muda. Mama hakuuliza, nasi hatukuuliza, na hilo linatuuma sana. Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 28 Februari 2026.

Tunawashukuru madaktari, walimu wa watoto, wachunaji wenzake na majirani. Kwamboka amemaliza miezi sita bila kuonja, na tunalisema hili akisikia: yeyote aliyekuja na chupa ya kumfariji, tafadhali arudi nayo. Bosibori ameandikisha jina lake mahali pa Mama, lakini kama hakimu atakubali hatujui, na tunaogopa.

Sasa pumzika, Mama. Alhamisi ijayo tutafika mahakamani kabla milango haijafunguliwa, Kwamboka akiwa mbele.