Mama Vipimo na Vidonge vya Miezi Sita

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa kwetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake ingawa niliomba apewe mwingine.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, wa kwanza kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1972 hadi 1978, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yetu, na Januari 1982 akafungua chumba chake nyuma ya duka la vitambaa, alikokanyaga cherehani miaka thelathini na tisa akishona sare za shule, na akikuona mlangoni tu alikutajia kipimo cha kiuno chako mbele za watu, hata kama hukumuuliza.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea mageti, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa ni mwalimu, mdogo ndiye aliyeshika mkasi wa mama yake.

Goti lake la kulia lilisagika taratibu, na tarehe 9 Februari 2021 akawekewa la bandia, akatupa mkongojo, akawa anamtania mumewe kwamba hatimaye ameona chuma kilichoungwa vizuri. Mei mwaka uliofuata goti likavimba, likawa la moto, kovu likatoa usaha. Daktari wa mifupa alilifungua akalisafisha, akatueleza kwamba bakteria wakishajibandika kwenye chuma hujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida, hivyo angehitaji dripu kwa wiki kadhaa, kisha vidonge, jumla miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Dada akamjibu, “Nitameza, daktari, lakini koti lako linakupwaya mabegani, lilete nilipunguze.”

Vidonge vile vilimtesa, vikageuza mkojo na hata machozi yake kuwa ya rangi ya chungwa, akawa anatapika kila asubuhi, akakonda, na mwezi wa nne wa matibabu, goti likiwa limenywea kabisa, nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia, “Dada, si umeshapona? Lipumzishe tumbo.” Akaniuliza, “Una hakika?” Nikasema ninayo. Akaacha.

Wiki saba baadaye usaha ulirudi, maabara ikaonyesha bakteria wameshaizoea dawa ile, ikajaribiwa nyingine, ikashindwa, goti likatolewa, mahali pake pakawekwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa, mguu ukawa haukunjiki tena. Maambukizi yakaingia kwenye damu, figo zikagoma, na tarehe 22 Juni 2023, saa nne asubuhi, akakata roho akiwa na miaka hamsini na tisa.

Shemeji na mabinti wameyajua haya juzi, kutoka kinywani mwangu, kwa kuwa dada aliwaambia wote, daktari pia, kwamba aliacha kwa uamuzi wake mwenyewe, na hakunitaja hata siku ya mwisho.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliompikia, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha mezani.

Pumzika kwa amani, dada. Ya kwangu sijui nitaipata wapi.