Hannah Mkamburi Mwadime, Fundi wa Vitako vya Bunduki wa Ghala, Maskati (1984–2025)

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1984, Wundanyi, Taita. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Elijah Mwadime, ambaye naye ametangulia, na Mama Wakesho. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mama yake husema Hannah alinyonya kama mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba chakula hakitoshi.

Alisoma shule ya msingi na ya upili hukohuko Wundanyi. Mwaka 2002 alijiunga na chuo cha ufundi, akaandikwa darasa la ushonaji bila kuulizwa. Siku nne alisimama mlangoni pa darasa la useremala, daftari mkononi. Siku ya tano mwalimu alichoka kujifanya hamwoni.

"Wewe msichana, unamngoja nani?"

"Nangoja nafasi, mwalimu."

"Nafasi zimejaa."

"Basi nitasimama."

Alihitimu useremala mwaka 2004, wa pili kati ya wanafunzi kumi na tisa.

Kazi aliianzia Mombasa, katika karakana ya samani. Mwaka 2009 alitia sahihi kupokea shehena ya mbao bila kuuliza kibali, kumbe zilikatwa kwenye msitu uliokatazwa. Mwenye karakana alitoweka, na Hannah akawekwa rumande siku nne kabla ya kubainika kwamba hakujua lolote. Tangu hapo hakugusa kazi ambayo karatasi yake hajaisoma.

Mwaka 2012 alikuja Maskati kufanya kazi za nyumbani kwa Bi Kheiria, mtaa wa Sib. Milango ya makabati ya jikoni ilikuwa imelegea. Hannah aliazima bisibisi kwa jirani, akaikaza yote kabla chai haijachemka. Bi Kheiria akamwambia, "Weye si wa kukaa jikoni, mwanangu. Mikono yako ina kazi nyengine." Miaka miwili baadaye alimruhusu ahamie karakana ya Bwana Muatasim, mtaa wa Ghala, iliyotengeneza samani na, kwa leseni, vitako vya bunduki za walenga shabaha.

Tarehe 9 Aprili 2016 alifunga ndoa na Wesley Kiprono, fundi umeme wa magari wa mtaa wa Wattaya. Binti yao, Abigail, alizaliwa mwaka uliofuata.

Wengi waliofika hapa leo walimjua Hannah kwa jambo la Februari 2019. Bi Zakiya, mlenga shabaha wa klabu, aliingia karakana na bunduki mpya iliyoagizwa kutoka Ulaya, ile aina inayojipakia yenyewe kila risasi inapotoka. Ajali ya gari ilikuwa imemvunja mkono wa kushoto, na kiwiko hakikunyooka tena sawasawa. Kwa hiyo alitaka kitako kipunguzwe sentimita nne na kiongezwe egemeo la shavu. Mashindano yalikuwa wiki tatu mbele.

Hannah alikisoma kibali. Kilitaja urefu wa bunduki ile. "Urefu ukibadilika, kibali hiki si cha bunduki hii tena," akasema. "Tuombe kwanza kibadilishwe."

"Nna wiki tatu tu mie!" Bi Zakiya akasema. "Wao watakaa nayo karatasi mwezi mzima."

Bwana Muatasim akaingilia. "Yallah, Hannah, kata. Nani atapima?"

"Mimi nimeshapima."

Muatasim alikasirika mbele ya mteja. Alisema asiyetaka kazi tiketi yake ya kurudi kwao ipo, na ruhusa ya Hannah ya kuishi nchini ilikuwa mikononi mwake. Jioni Wesley alimwuliza mkewe kama hakuna njia nyingine. "Ipo," Hannah akajibu. "Nikate, kisha nifungwe tena."

Asubuhi alikwenda kazini na sanduku la safari, akaliweka mlangoni. "Nimekuja tayari, bosi. Ukinirudisha nitakwenda. Lakini msumeno wangu hautakigusa kile kitako mpaka karatasi ije."

Muatasim alilitazama sanduku, kisha akampigia simu Bi Zakiya kumwambia waombe kibali kwanza.

Ofisi ya vibali Bi Zakiya na Hannah waliiendea mara tatu. Mara ya kwanza afisa alitaka mchoro. Mara ya pili alimtaka fundi mwenyewe, na alipomwona Hannah akamwuliza Bi Zakiya fundi yuko wapi. Hannah alitandaza mchoro mezani, akaeleza kwa Kiarabu chake cha karakana kwamba mtutu hauguswi, mtambo hauguswi, inayopungua ni mbao tu. Mara ya tatu walikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, wakatoka na kibali kipya chenye muhuri. Zilibaki siku sita. Hannah alikata siku ileile.

Kabla ya mashindano kila bunduki ilipimwa na kulinganishwa na kibali chake. Ya Bi Zakiya ilipita. Alimaliza wa saba, akaja Ghala mwenyewe kusema, "Nilikuwa nna hasira nawe, Hannah. Lakini nimelenga pale bila kumwogopa mtu." Bwana Muatasim hakuomba radhi kwa maneno. Wiki ile alimkabidhi Hannah daftari la vibali vyote vya karakana, likabaki kwake miaka sita.

Aprili 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alipasuliwa, akatibiwa, na kati ya dawa na dawa alirudi Ghala kupiga msasa akiwa ameketi kwenye kiti kirefu. Februari mwaka huu ugonjwa ulifika mapafuni. Nyumbani walitaka arudishwe Wundanyi. Alikataa. "Wesley yuko hapa, Abigail anasoma hapa. Mkinilaza mbali, nani atanitembelea?" Mama yake alilia kwenye simu. Hannah alimwacha alie mpaka mwisho, kisha akarudia neno lilelile.

Alifariki hospitalini, hapa Maskati, Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Wesley. Alikuwa na miaka arobaini.

Amemwacha mume wake, Wesley. Binti yake, Abigail. Ndugu zake Carol na Japheth. Na mdogo wake Tony, anayewasomea haya. Amemwacha pia mama yake, Mama Wakesho, ambaye hakuweza kusafiri na anatusikiliza kwa simu saa hii.

Mama, tunamlaza alipotaka. Mungu ampe Mkamburi pumziko lake.