Bi Nasma, Uduvi na Matete ya Muleba

Miaka thelathini na minne imetimia. Tarehe 30 Juni, Bi Nasma Awadhi, fundi mwandamizi wa maabara yetu ya utafiti wa ziwa hapa Bukoba, anakabidhi funguo za friza ya sampuli na kustaafu rasmi.

Aliajiriwa kuosha chupa. Baada ya miaka michache alikuwa akiwafundisha wenye shahada namna ya kukausha na kusaga sampuli bila kuzichafua. Hakuna kilichoingia kwenye friza yake bila kuandikwa daftarini. Mimi niliwahi kuficha humo senene wangu, wale panzi wa kuliwa; Jumatatu niliwakuta wamepewa namba, tarehe na jina la mwenye kosa.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa uduvi, wale kamba wadogo wa ziwani wanaovuliwa na kuuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Miaka sita iliyopita tulitaka kujua wanakula nini. Mnyama hubeba mwilini alama ya kikemia ya chakula chake, na kaboni ya mwani hutofautiana na ya matete yaliyooza. Katika mwalo mmoja wa wavuvi huko Muleba matete yalikuwa karibu kufyekwa ili kupanua maegesho ya mitumbwi. Bi Alistidia, kiongozi wa akina mama wanaoanika uduvi pale, alipinga. "Hayo matete ndiyo shamba la uduvi," alituambia.

Vipimo vikamkatalia: uduvi wanakula mwani. Ripoti, ambayo ndiyo ingeamua hatima ya matete, ikaandikwa, ikabaki kutiwa saini.

Bi Nasma hakutia yake. Alirudi kwenye daftari akagundua kwamba sampuli za mwalo ule zilihifadhiwa kwenye spiriti, kwa sababu barafu iliisha njiani. Spiriti huyeyusha mafuta ya mwilini na kubadili kipimo cha kaboni. Akaingia kwa Dk. Kaijage, mkuu wa mradi, akiwa na chupa mkononi. "Daktari, tumepima spiriti. Chakula bado hatujakipima."

Dk. Kaijage alikasirika, maana ripoti ilikuwa imechelewa tayari. Siku ya pili, hata hivyo, alikuwa naye kwenye gari la kwenda Muleba, wamebeba makasha matatu ya barafu. Uduvi walivuliwa alfajiri, wakagandishwa papo hapo, wakakaushwa, wakasagwa na kutumwa nje ya nchi kupimwa.

Tulingoja miezi minne. Majibu yalipofika, maabara nzima ilisimama nyuma ya kiti cha Bi Nasma. Sehemu kubwa ya chakula cha uduvi ilitoka kwenye matete. Ripoti ikaandikwa upya, mpango wa kufyeka ukafutwa, na Bi Nasma akaomba ruhusa ya nusu siku akampelekee Bi Alistidia habari mwenyewe. Walikumbatiana katikati ya uduvi walioanikwa, wakacheka hadi wakalia.

Bi Nasma, asante kwa kutufundisha kuwa mtu anaweza kusema "bado" mbele ya wakubwa na kazi ikanyooka. Nenda salama nyumbani, Mungu akujalie afya, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na njema.

Rwekaza, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako